Oili Inapotelea Wapi? Vipimo vya Kufanya Kabla Injini Haijafunguliwa

Gari likianza kupungukiwa oili kila wiki, jibu linalotoka haraka katika gereji nyingi za Nairobi ni moja: "Mkubwa, ringi zimeisha, tufungue injini." Ringi ni zile duara za chuma zinazoizunguka pistoni ndani ya silinda. Mwenye gari hana la kubisha kwa sababu hajui, naye fundi ameshashika spana. Injini inashushwa, ringi mpya zinawekwa, na baada ya miezi miwili dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inaonyesha alama ya chini tena, maana oili ilikuwa ikipotelea mahali pasipo na uhusiano wowote na ringi. Magari ya namna hii tumeyapokea mengi mno. Ringi zilizoisha zipo, hatukatai, lakini zinapaswa kuwa jibu la mwisho baada ya vipimo, na vipimo vyenyewe havihitaji mashine za ajabu.

Oili ina njia tatu za kutoka kwenye injini. Ama inavuja nje, ama inaungua ndani ya silinda, ama inaingia kwenye maji ya kupozea. Hii ya tatu ni nadra na hujitangaza yenyewe: maji ya rejeta yanapata utando wa mafuta juu, au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo mtuhumiwa ni hedi gasketi, ile inayokaa chini ya hedi (kichwa cha injini), au kipozea oili kwa injini zenye nacho. Tahadhari moja tu: asubuhi za baridi za Julai, gari linaloenda safari fupi fupi huweza kuwa na utando mwembamba wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili, huku oili ya kwenye dipstiki ikiwa safi. Huo ni unyevu uliogandia pale, na utaisha gari likienda safari ndefu na injini ikapata joto sawasawa. Usikubali hedi ifunguliwe kwa ushahidi huo pekee.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: inavuja au inaungua? Asiyeweza kulijibu bado hajaanza kazi.

Na kabla ya swali hilo kuna kupima. Watu wengi wanasema "gari linakunywa oili" bila kujua ni kiasi gani, na bila kiasi huwezi kujua kama tatizo ni dogo, kubwa, au limeongezeka baada ya matengenezo. Egesha gari mahali tambarare kabisa, maana maegesho mengi ya ploti zetu yana mteremko wa kupitisha maji na mteremko huo unatosha kukudanganya. Injini iwe imepata moto, kisha izime na usubiri dakika 10 ili oili ishuke yote kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena na usome pande zote mbili. Zikitofautiana, amini upande unaoonyesha kiwango cha chini, kwa kuwa ule wa juu umepaka oili kwenye ukuta wa bomba. Jaza hadi alama ya juu na usiipite. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi.

Sasa endesha kama kawaida kilomita 1,000, ukikagua kila kilomita 250 usije ukajikuta huna oili. Kwa mtu anayetoka Kitengela kuja mjini kila siku, hiyo ni kazi ya wiki tatu hivi. Mwishoni pima kwa namna ile ile, mahali pale pale, na ujaze kwa chombo chenye alama za mililita. Kiasi ulichoongeza ndicho kilichopotea. Kwa injini nyingi ndogo, umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Ni kiasi gani cha kuogopa? Toyota, ilipokuwa ikishughulikia malalamiko ya injini ya 2AZ-FE kule Marekani, iliweka mpaka wa kwati moja, yaani kama lita 0.95, kwa maili 1,200, ambazo ni karibu kilomita 1,930. Iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa na kasoro. Sisi tunaona hivi: injini ya kilomita 150,000 inayopoteza mililita 200 kwa kila kilomita 1,000 iachwe, iongezwe oili na ikaguliwe kila Jumamosi. Ikifika nusu lita, tafuta chanzo. Ikifika lita moja, usisubiri tena.

Ila kwa Nairobi hesabu ya kilomita ina udhaifu. Gari linalotambaa Mombasa Road jioni kwa kilomita 10 kwa saa linaifanyisha injini kazi ya saa nzima kwa umbali mdogo sana. Injini mbili zenye afya ile ile, moja ya foleni na nyingine ya barabara kuu, zitatoa takwimu tofauti. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha gari na lenyewe, kwa njia zile zile za kila siku.

Jambo jingine la kuwekwa wazi ni taa nyekundu ya oili. Kwenye magari mengi tunayoyatumia taa hiyo haipimi kiwango, inapima presha. Ikiwaka, huenda pampu imeshaanza kuvuta hewa na beringi za kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) zinasuguana bila kinga. Zima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya Thika Road. Sukuma gari pembeni. Kusema "nifike tu pale mbele kwa petroli" kumeua injini nyingi kuliko ringi mbovu.

Tukianza na uvujaji. Huwezi kutafuta mahali panapovuja kwenye injini iliyopakwa tope na oili ya miaka mitano. Ioshe kwanza, lakini si kwa kuelekeza bomba la presha la kuoshea magari juu ya koili na altaneta. Funika altaneta, koili na soketi za umeme kwa mifuko ya plastiki, nyunyiza dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya presha ndogo, kausha. Kisha endesha gari dakika 20 na uanze kuangalia kwa tochi kali, ukianzia juu kwenda chini.

Hili la juu kwenda chini ndilo somo lenye thamani kuliko mengine yote kwenye uvujaji. Oili hushuka, na gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Kinachodondoka kutoka kwenye maungano ya injini na giaboksi kinaweza kuwa kimeanzia kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu kabisa cha injini), kikateleza ukutani mwa injini na kukusanyika pale chini. Fundi akiangalia kwa chini tu anasema sili ya nyuma ya kranki, yaani mpira wa kuziba oili pale, imekufa, anashusha giaboksi, anabadilisha sili iliyokuwa nzima, na uvujaji unabaki pale pale. Kabla hujakubali giaboksi ishushwe, pitisha kidole nyuma ya tapeti kava, juu kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Kikitoka na oili mbichi, anzia hapo.

Kama huoni vizuri, paka unga wa talkamu, ule wa watoto, kwenye sehemu iliyosafishwa na kukaushwa. Endesha kidogo. Oili itachora mstari mweusi kwenye unga mweupe, na kichwa cha mstari huo ndicho chanzo. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya na oili na kumulikwa kwa tochi ya mwanga wa urujuani. Inafanya kazi nzuri sana kwa uvujaji mdogo, na inafaa kutafutwa kama unga umeshindwa.

Kutandika katoni chini ya gari usiku kunasaidia, lakini kusikupe faraja ya bure. Kuna uvujaji unaotokea injini ikiwaka tu, kwa kuwa ndipo oili inapokuwa na presha. Swichi ya presha ya oili ni mfano mzuri: kikombe chake cha plastiki hupasuka, oili ikapenya hadi kwenye waya, na gari likizimwa inaacha. Katoni inaamka safi. Chomoa waya wa swichi hiyo; ukikuta oili ndani ya soketi, umepata jibu. Tone moja lina kama mililita 0.05. Likidondoka tone kila sekunde tano injini ikiwaka, hiyo ni mililita 36 kwa saa, na kwa dereva wa saa mbili kwa siku ni zaidi ya lita mbili kwa mwezi. Tone halionekani kuwa kitu mpaka ulipigie hesabu.

Gasketi ya tapeti kava ndiyo inayoongoza kwa uvujaji kwenye magari yaliyotumika, na ndiyo inayoharibiwa zaidi wakati wa kutengenezwa. Joto huifanya raba iwe ngumu kama plastiki. Ukiibadilisha, kwangua mabaki yote, futa mfereji wake kwa petroli, kisha weka silikoni nukta ndogo tu kwenye zile kona mbili ambapo kava ya taimingi inaungana na hedi. Kwingine kote gasketi ikae kavu. Fundi anayepaka silikoni mzunguko mzima anakutengenezea tatizo la pili: inayozidi ndani hukatika, huanguka kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu. Bolti zake zinahitaji nguvu ndogo, karibu Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa injini nyingi za Toyota. Zikikazwa kwa hasira, kava inapinda na haitaziba tena hata kwa gasketi mpya. Na ukiwa hapo badilisha pia raba za mashimo ya plagi, maana zikivuja oili hujaa kwenye mashimo hayo, ikalowesha koili, na injini ikaanza kukosa cheche.

Uvujaji ulioanza mara tu baada ya sevisi una majibu mawili ya haraka. La kwanza: raba ya filta ya zamani imebaki imeng'ang'ania kwenye bloki ya injini, na filta mpya imefungwa juu yake. Raba mbili haziwezi kushika presha, na oili inaweza kutoka yote ndani ya dakika chache. Kila filta inapotolewa, angalia kama imetoka na raba yake. Paka oili kidogo kwenye raba mpya, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. La pili ni bolti ya sampu. Washa yake, ile duara ya kuziba chini ya bolti, ni ya kutumika mara moja, lakini huku kwetu inarudishwa mpaka inakuwa bapa kabisa, halafu bolti inakazwa kupita kiasi ili kufidia. Kwa Vitz na Probox za injini ya 1NZ-FE nguvu inayotakiwa ni kama Nm 37 tu. Uzi wa sampu ukishaliwa, tepu nyeupe ya mabomba si dawa. Weka uzi mpya wa kuingizwa au badilisha sampu.

Kwa wenye injini ya 1ZZ-FE, ile ya Wish, Premio na Allion za lita 1.8, kuna sehemu moja inayosahaulika: kikaza cheni ya taimingi, kilichofungwa kwa nje ya hedi kwa nati mbili. Kina raba ya mviringo ambayo umri huifanya bapa, na oili yake humwagikia upande wa mkanda kiasi cha kufanana na sili ya mbele ya kranki. Raba ni ya bei ya soda. Kazi ni ya nusu saa, mradi kikaza kirudishwe kikiwa kimebonyezwa na ndoano yake imeshikishwa, na mtu yeyote asiguse starta kikiwa nje, la sivyo cheni itaruka meno.

Kabla ya sili yoyote kubadilishwa, pitia valvu ya PCV. Tungekuwa na nafasi ya kusisitiza kipuri kimoja tu, kingekuwa hiki. Ni valvu ndogo, mara nyingi iko kwenye tapeti kava, na kazi yake ni kuvuta gesi zinazopenya kwenye pistoni kutoka kwenye sampu na kuzirudisha kwenye inteki (njia ya hewa inayoingia kwenye silinda) zikaungue. Ikiziba, gesi hazina pa kwenda. Presha inapanda ndani ya injini, na oili inasukumwa nje kupitia kila sili: mbele, nyuma, tapeti kava, hata bomba la dipstiki. Hapo ndipo unapoona gari lililobadilishwa sili ya nyuma mara mbili kwa mwaka na bado linavuja. Sili hazikuwa na kosa. Valvu ya PCV ikikwama wazi, hali inageuka: inavuta ukungu wa oili mfululizo hadi kwenye silinda, gari linakula oili, na kila mtu anasema ringi.

Kuipima ni rahisi. Itoe, itikise; inapaswa kulia kwa ndani. Puliza kupitia upande unaoingia kwenye injini, hewa ipite kwa urahisi. Puliza kupitia upande wa inteki, ipite kwa shida sana. Usiivute hewa yake kwa mdomo, ina sumu. Kisha irudishe, washa injini, na injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta ondoa kifuniko cha oili na uweke karatasi nyepesi kwenye tundu. Karatasi ikivutwa kidogo, mfumo unapumua vizuri. Ikirushwa juu na moshi ukifuata, ama PCV imeziba ama gesi zinazopita kwenye pistoni ni nyingi. Weka valvu mpya, safisha bomba lake kwa ndani, pima tena. Usisahau bomba: tumeyakata yaliyoonekana mazima kwa nje, kumbe ndani yameziba kwa lami nyeusi.

Injini ikiwa kavu nje na PCV iko sawa, na oili bado inapungua, basi inaungua. Moshi wa buluu ndio dalili ya kawaida, lakini wakati unapotokea ndio unaosema zaidi. Ukitoka pumzi moja asubuhi gari linapowashwa kisha ukaisha, oili ilikuwa ikichuruzika usiku kupitia sili za valvu. Ukitoka gari likipanda mlima au likikanyagwa kwa nguvu, fikiria ringi. Barabara ya kushuka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu inatoa kipimo kizuri: shuka kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, huku mtu wa nyuma akiangalia. Wakati huo inteki inavuta kwa nguvu nyingi, na sili za valvu zikiwa zimekufa oili inanyonywa juu ya pistoni. Ukifika chini ukakanyaga mafuta, wingu la buluu litatoka mara moja na kuisha.

Kutoonekana kwa moshi hakumtoi mtu hatiani. Katalisti nzima, ile ya kusafisha moshi kwenye bomba la kutolea, huweza kuunguza oili nyingi kabla moshi haujaonekana nyuma, na ndiyo maana dereva anaapa gari halitoi moshi huku anaongeza oili kila mwezi. Hiyo oili pia inaiharibu katalisti yenyewe polepole.

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi yenye majivu meupe au kahawia yaliyoganda kwenye ncha inatoka kwenye silinda inayounguza oili. Plagi iliyolowa oili kwenye sehemu ya juu ya kauri tu, huku ncha yake ikiwa safi, ni ya tundu linalovuja kutoka kwenye tapeti kava, na haihusiani na kuungua. Mafundi wengi huzichanganya hizi mbili. Moja ikiwa chafu na tatu ni safi, tatizo liko kwenye silinda moja, na oveholi (kuifungua na kuitengeneza upya) ya injini nzima haina msingi bado.

Kisha pima kompresheni, yaani presha inayobanwa na pistoni, kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu, plagi zote ziwe nje, fyuzi ya EFI itolewe ili petroli na cheche zikatike, kanyagio la mafuta likanyagwe mpaka chini. Piga starta mpaka mshale uache kupanda, sekunde tano au sita. Andika kila silinda.

Hapa Nairobi kuna kosa linalogharimu watu injini nzima. Kitabu cha 1NZ-FE kinasema kompresheni ya kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 213 na ya chini kabisa ni psi 156. Namba hizo ni za hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa huku ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Silinda inaanza na hewa pungufu, kwa hiyo inamaliza na presha pungufu. Ukipiga hesabu, psi 213 ya kitabu inakuwa karibu 175 hapa, na kikomo cha 156 kinashuka hadi karibu 128. Injini inayosoma 150 kwenye gereji ya Kariobangi inahukumiwa kifo kwa mujibu wa kitabu, wakati iko ndani ya mipaka kabisa. Kinachobaki na maana kokote uliko ni tofauti kati ya silinda na silinda: zikikaribiana, hiyo ni injini iliyochakaa kwa usawa au nzima, moja ikiwa chini ya nyingine kwa psi 30, iangalie hiyo. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, valvu au hedi gasketi.

Lakini, na hili halisemwi vya kutosha, kompresheni nzuri haimaanishi ringi zote ni nzima. Pistoni ina ringi za juu mbili zinazoshika presha, na ya tatu, ya chini, ambayo kazi yake ni kukwangua oili ukutani. Kipimo cha kompresheni hakiigusi hiyo ya tatu. Ikikwama kwa kaboni, injini itakuwa na nguvu kama mpya, itasoma kompresheni nzuri, na itakunywa lita moja kila kilomita 1,000. Ndivyo ilivyo kwa 2AZ-FE ya lita 2.4 za miaka ya 2006 hadi 2009 hivi, na kwa 1ZZ-FE za kabla ya 2002: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo au machache, yakaziba kwa masizi, na Toyota ikaja kubadilisha muundo wa pistoni. Unaponunua Estima, Alphard au Harrier ya 2AZ-FE, uliza historia ya oili kabla ya kuuliza rangi.

Ringi iliyokwama kwa kaboni, ambayo haijaliwa, inaweza kufunguka bila kufungua injini. Toa plagi, zungusha kranki kwa spana mpaka pistoni zote nne ziwe usawa wa katikati, mimina mililita 30 hadi 50 za dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye kila silinda na uache usiku kucha, ukiizungusha kranki kidogo kila baada ya saa chache. Asubuhi nyonya iliyobaki kwa sirinji yenye mpira, funika matundu kwa kitambaa, upige starta bila plagi ili itoke yote. Ukifunga plagi dawa ikiwa bado imo ndani, kioevu hakibanwi na koneti rodi itapinda. Badilisha oili na filta kabla ya kuwasha, kwa sababu dawa nyingine imeshashuka kwenye sampu. Rudia kama matokeo ni nusu. Si kila injini hupona, ila gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na oveholi.

Sili za valvu nazo hubadilishwa bila kushusha hedi. Hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi kuzuia valvu isianguke, springi inabonyezwa, sili inatolewa. Injini ya valvu 16 ina sili 16, na kwa nyingi za Toyota za kuingizia ni za kijivu na za kutolea ni nyeusi. Zisichanganywe.

Magari ya tabo, hasa dizeli, yanahitaji ukaguzi wa ziada: fungua bomba la kwenda intakula (kipozea hewa ya tabo). Unyevu mwembamba wa oili ni wa kawaida, dimbwi si la kawaida. Tikisa shafti ya tabo, na uhakikishe bomba la kurudishia oili halijaziba kabla ya kuilaumu tabo.

Kuhusu kuweka oili nzito ili "izibe": 20W-50 kwenye injini ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) iliyoundwa kwa 5W-30 hupunguza ulaji kidogo, lakini asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti na kwenye mifereji myembamba ya VVT-i. Kupanda hatua moja, mfano kutoka 5W-30 hadi 10W-40, kwa hali ya hewa ya Nairobi ni jambo la busara kwa injini yenye umri. Zaidi ya hapo unaficha dalili. Na kwa gari la foleni, badilisha oili kila kilomita 5,000 hata kama kopo linaahidi 10,000.

Vipimo vikikubali kwamba ringi zimeisha kweli, chaguo ni oveholi au injini iliyotumika kutoka Japani. Oveholi ina maana tu kama kuta za silinda zimepimwa juu, kati na chini kwa pande mbili, zikapigwa honingi (kukwaruzwa upya kwa jiwe), mifereji na matundu ya pistoni yakasafishwa, na mapengo ya ringi yakapimwa kwa fila geji. Ringi mpya kwenye ukuta uliong'aa kama kioo hazitakaa. Ringi ya pili ikiwekwa chini juu, itapandisha oili badala ya kuishusha. Alama yake iangalie juu siku zote.

Ukichagua injini ya Japani pale Kirinyaga Road, iangalie ikiwa bado iko chini sakafuni. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna masizi mazito, toa plagi usome ncha zake, pima kompresheni kwa starta hapo hapo ukikumbuka hesabu ya mita 1,700. Kabla haijaingia kwenye gari, weka sili mpya ya nyuma na ya mbele ya kranki, gasketi ya tapeti kava na valvu ya PCV. Sili ya nyuma ni ya bei ndogo giaboksi ikiwa nje. Giaboksi ikishafungwa, sili hiyo hiyo inadai siku nzima ya kazi. Namba ya injini nayo isajiliwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ilingane na logbuku. Kisha jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita. Kwa injini yenye ringi mpya usitumie kasi moja muda mrefu kwa kilomita 1,000 za mwanzo, na utarajie ipungue kidogo ringi zinapokaa. Badilisha oili na filta, halafu upime kilomita 1,000 nyingine. Hiyo ya pili ndiyo namba ya kumpelekea fundi.